Ng'ombe Mweusi Aliyegeuka Kahawia

Mama yangu hakupenda kuitwa mfugaji. Alisema mfugaji ni mtu mwenye ng'ombe wengi na kofia pana, na yeye alikuwa na ng'ombe mmoja tu, huko Kawangware, ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya vyumba vya kupanga, upande wa kuelekea Riruta Satellite. Ng'ombe huyo alikuwa mweusi tititi. Baba ndiye aliyemnunua akiwa ndama, miaka michache kabla hajafariki. Tulipomzika Baba kule kwetu karibu na ziwa, watu wa ukoo walimtaka Mama abaki nyumbani, wakamwonyesha hata mahali pa kujenga. Akawasikiliza kwa heshima hadi matanga yakaisha, kisha akaanza kufunga mizigo.

"Nani anamkamua saa hii?" akauliza. "Jirani. Na jirani ana mikono ya baridi."

Basi akarudi Nairobi kwa sababu ya ng'ombe. Sisi watoto wake tulilalamika, kisha tukanyamaza, kwa sababu tulijua hakurudi kwa ng'ombe peke yake. Kibanda kile Baba alikijenga kwa mikono yake, na kila msumari uliopinda mle ndani ulikuwa wake.

Mimi naishi Lindi, Kibera. Nina hoteli ndogo ya chai, mandazi na maharagwe, benchi tatu na turubai mbele, na maziwa yangu yote yalitoka kwa Mama. Mwenye nyumba wangu ni mwanamke mzee wa Kinubi ambaye watoto wote wa ploti humwita habuba, maana yake bibi kwa lugha yao, nami pia humwita hivyo. Amezaliwa Kibera, na mama yake alizaliwa Kibera. Kila asubuhi akishaswali na kulala kidogo, huja kukaa kwenye benchi la mwisho na kuagiza chai yenye tangawizi ya kuchoma koo.

Siku moja alinusa kikombe kabla ya kunywa.

"Haya si maziwa ya pakiti."

"Ni ya mama yangu, habuba."

"Mama yako ana ng'ombe?"

"Mmoja. Kawangware."

"Rangi gani?"

"Mweusi."

Akanywa taratibu mpaka nusu. "Siku moja utanipeleka nikamsalimie."

"Mama atafurahi."

"Nilikuwa nasema ng'ombe," akajibu. "Lakini na mama pia tutamsalimia, tukiwa huko."

Nikampeleka. Nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu Mama ni mtu wa kanisa, tena wa kwaya, na habuba hana subira na mtu anayeongea kwa sauti. Wakakutana mlangoni mwa kibanda. Kabla hata ya kupeana mikono vizuri, wakaanza kubishana. Mama alikuwa akimwimbia ng'ombe nyimbo za kanisa wakati wa kukamua, na habuba akasema ng'ombe anataka utulivu, si kwaya. Mama akasema ng'ombe wake amezoea sauti ya tatu. Habuba akamwomba asogee, akakaa yeye kwenye kigoda, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe na kukamua kimya, kwa vidole vilivyopinda kwa uzee. Maziwa yakashuka vizuri tu. Mama akamtazama kwa muda mrefu.

"Umejifunzia wapi?" akauliza.

"Kibera hiyo hiyo. Unafikiri zamani kulikuwa na hizi mabati? Kulikuwa na nyasi mpaka kifuani. Pale chini kunakoitwa Raila siku hizi, ndiyo tulikuwa tunachunga."

Kuanzia hapo nilikuwa sina la kufanya ila kuwabebea vitu. Kila Jumamosi habuba alipanda boda, amejifunga ushungi wake sawasawa, ameketi wima kama anapigwa picha, na mimi nyuma kwenye boda nyingine na mfuko wa mandazi. Wale wanawake wawili walikaa nje ya kibanda, wakala, wakanywa, wakamjadili ng'ombe kama vile wanawake wengine wanavyomjadili mkwe.

Shida ilianzia kwenye kiwele. Chuchu moja ya nyuma ilivimba, ikawa ngumu na moto, na maziwa yakatoka yana mabonge kama uji ulioharibika. Mama akampigia simu daktari wa mifugo anayehudumia mitaa ile, dada mmoja mrefu anayetembea na gambuti zake, viatu virefu vya mpira, kwenye mfuko wa plastiki. Akaja, akatia dawa kwenye chuchu, akaeleza usafi wa mikono na wa sakafu, na Mama akafuata kila neno. Kiwele kikapona. Baada ya muda si mrefu kikavimba tena, chuchu ile ile. Akaja tena na dawa nyingine kali zaidi. Kikapona. Kisha ikavimba chuchu ya upande wa pili.

Wakati huo ng'ombe alikuwa na mimba kubwa. Tulisema labda akizaa mwili utatulia. Alizaa mchana mmoja wa jua kali, ndama dume, na kondo la nyuma likakataa kutoka. Lilining'inia hadi likaanza kunuka. Daktari alikuja akamtibu, mama ng'ombe akapata homa, akasimama amejikunja kona ya kibanda, hataki kula. Ndama naye hakuwahi kusimama vizuri. Aliharisha, kisha akaanza kuhema kwa nguvu. Mama alimlaza kwenye gunia jikoni kwake, karibu na jiko, akawa anamnywesha maziwa kwa chupa na kumfuta pua kwa kitambaa. Nilikuwepo alipokufa. Mama alikuwa amempakata kichwa, na aliendelea kumpangusa pua kwa muda baada ya kuwa hakuna haja tena.

"Mama," nikamwambia. "Mama, basi."

"Najua," akasema. "Najua, nyamaza kidogo."

Ndipo tulipogombana, mimi na yeye. Nilimwambia amuuze. Nilimwambia ng'ombe huyu amechoka na yeye pia amechoka, na kwamba aje Lindi tukae pamoja, chumba cha pili nitakilipia mimi. Nilisema mengi, na yote niliyasema kwa upendo, lakini kwa sauti ambayo haikusikika hivyo. Jumamosi ile habuba alipofika na kusikia habari, aligeuka akaniangalia kana kwamba nimetukana mtu.

"Unataka auze? Kwa nani? Ng'ombe mgonjwa ananunuliwa na mtu mmoja tu, yule mwenye kisu."

"Habuba, Mama ni mzee sasa. Anaamka alfajiri kila siku."

"Na mimi naamka alfajiri kila siku. Utaniuza pia?"

Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ndama afe, nami nikaona nimeshindwa.

Kiwele kilipovimba kwa mara nyingine, daktari alikuja akiwa kimya kuliko kawaida. Alivaa gambuti zake, akatoa bomba la sindano, akalitazama, kisha akalirudisha kwenye mkoba. Mama akashtuka.

"Daktari, kwani hutamdunga?"

"Nitamdunga, shosho," akajibu, kama anavyowaita bibi wote wa mtaa. "Lakini nimechoka kumtibu huyu ng'ombe kitu kimoja. Nimekuwa naangalia kiwele peke yake. Leo wacha nimwangalie ng'ombe mzima."

Akarudi nyuma hadi mlangoni, akakunja mikono. Sisi watatu, Mama, habuba na mimi, tukasimama kando yake, tukamtazama ng'ombe ambaye tulikuwa tunamwona kila wiki. Daktari akauliza, "Huyu alikuwa rangi gani?"

"Mweusi," Mama akasema, na papo hapo akanyamaza, kwa sababu aliyesimama mbele yetu hakuwa mweusi. Alikuwa kahawia. Mgongoni na mbavuni manyoya yalikuwa yamekwajuka kama kanzu iliyoanikwa juani miaka mingi, na kuzunguka macho yalikuwa yamepauka kabisa, kama amevaa miwani. Sijui tulikuwa tunaangalia nini siku zote hizo. Mabadiliko yalikuja polepole, na sisi tulikuwa tunakuja na mandazi.

"Nilidhani ni uzee," Mama akasema kwa sauti ndogo.

"Kidonda hiki cha mguuni kina muda gani?"

"Kitambo. Kinapona, kisha kinafunguka tena."

"Na anakula nini? Niambie yote, shosho, hata yale ya kuona aibu."

Mama akamwambia. Majani ya kabeji na sukuma wiki kutoka sokoni, maganda ya viazi kutoka kwa wauza chipsi, nyasi ndefu za nepia za kando ya barabara, na nyasi za kule mtoni, ambazo ndizo nzuri kuliko zote, kijani kibichi mwaka mzima.

"Mto ule wa maji machafu?"

"Ndio huo. Lakini nyasi zake ni safi, naziosha."

"Na chumvi?"

"Nampa chumvi kila siku. Ya jikoni, tena nyingi."

Habuba akaingilia. "Na magadi. Mimi ndiye nilimwambia ampe magadi. Kwetu ng'ombe walikuwa wanapelekwa mahali wanalamba udongo wenyewe."

Daktari akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi. Nimemsikia akieleza mambo mengi tangu siku ile, lakini hayo ndiyo ninayoyakumbuka vizuri zaidi, labda kwa sababu hakuyasema kama mtu anayefundisha. Aliyasema kama mtu ambaye jibu linamjia huku anaongea.

Alisema mwilini mwa ng'ombe, kama mwilini mwetu, kuna chembe za damu ambazo kazi yake ni kukimbilia mahali vijidudu vimeingia, kuvimeza na kuviua. Zinaviua kwa sumu ndogo ambayo zinaitengeneza zenyewe. Ili ziitengeneze, na ili sumu hiyo isiziunguze zenyewe, zinahitaji madini fulani: shaba, zinki, seleni, na mengine. Madini yenyewe yanahitajika kidogo sana, kiasi ambacho ukiwekewa kiganjani utafikiri ni vumbi. Lakini yakikosekana, chembe zile zinafika kwenye kiwele, zinajaa pale, na haziwezi kumaliza kazi.

"Ndiyo maana dawa yangu inafanya kazi halafu ugonjwa unarudi," akasema. "Mimi napunguza vijidudu. Kuvimaliza ni kazi ya mwili wake. Na mwili wake hauna vifaa."

"Ni kama askari," habuba akasema.

"Kabisa, shosho. Kama askari."

"Usiniambie habari za askari. Babu zangu waliletwa hapa kwa sababu ya uaskari. Askari ukimpa bunduki usimpe risasi, huyo si askari. Ni mtu amesimama."

Daktari akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi mna watu wengi wamesimama huko kwa kiwele."

Mama hakucheka. "Na kondo?" akauliza. "Na ndama?"

Daktari akawa makini. Alimweleza kwamba hata kondo la nyuma linatolewa na chembe zile zile. Ndama akishazaliwa, zinalishambulia kondo kama kitu kigeni hadi linaachia. Zikiwa dhaifu, linang'ang'ania. Na ndama huchukua akiba yake ya madini tumboni mwa mama. Mama akiwa hana, mtoto anazaliwa mikono mitupu. Alisema chumvi ya jikoni ni nzuri lakini ni chumvi tu, na magadi nayo hayana shaba wala seleni ya kutosha. Nyasi zinazokatwa mahali pamoja miaka na miaka bila kurudishiwa mbolea huchoka, na zile za mtoni inawezekana zimenywa vitu vinavyoikamata shaba tumboni kabla haijaingia kwenye damu.

"Inawezekana," akarudia. "Sitaki kuwadanganya. Wacha nichukue damu, ikapimwe."

Akachukua damu kwenye shingo. Alipoondoka, Mama alibaki amesimama, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe, akipitisha vidole kwenye yale manyoya yaliyopauka.

Simu ya daktari ilimkuta Mama hotelini kwangu, siku aliyokuja kunisaidia kukanda mandazi. Aliweka simu kwenye spika, mikono yake ikiwa imejaa unga. Shaba iko chini sana, daktari akasema. Seleni iko chini. Zinki si mbaya sana lakini haitoshi. Akaeleza atakachofanya: sindano moja ya madini ya kuanzia, kisha unga wa madini wa ng'ombe kila siku kwenye chakula, na nyasi za mtoni ziachwe.

"Ule unga wa kahawia unaouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo," daktari akasema. "Unaujua? Una harufu kama ya chuma."

Mama akaacha kukanda.

"Naujua," akasema. "Mzee wangu alikuwa anamwekea kijiko kila asubuhi. Alikuwa anauweka kwa mkebe wa majani ya chai, juu ya mlango. Ulipoisha nikasema chumvi ni chumvi."

Daktari akasema kwa upole kwamba watu wengi hufikiri hivyo, na kwamba ng'ombe bado ni kijana.

Simu ilipokatika, Mama alijifuta macho kwa sehemu ya juu ya mkono, ile isiyo na unga. Nilidhani anajilaumu, nikaanza kumfariji. Akanikatiza. "Silii kwa hiyo," akasema. "Nalia kwa sababu sikuwahi kumuuliza ni cha nini. Miaka yote nilikuwa namwona akipanda juu ya jiwe kuchukua ule mkebe, na nikawa nadhani ni mambo yake tu ya wanaume. Na yeye hakusema. Alikuwa anaweka tu." Akachukua kipande cha unga, akakikanda peke yake kwa muda mrefu, na mimi nikawahudumia wateja nikamwacha.

Tukaanza. Daktari alimdunga ng'ombe sindano ile, akampa Mama kijiko cha kupimia na onyo kali. Madini haya, alisema, yakikosekana ni ugonjwa, na yakizidi ni sumu, hasa seleni. Kijiko kimoja, kilichosawazishwa kwa kidole. Mama alitaka kuweka viwili ili ng'ombe apone haraka. Daktari akamshika mkono.

"Shosho, ukifanya hivyo nitakuja kuchukua maiti."

Mama akamheshimu. Aliyekuwa na masikio magumu ni habuba. Wakati huo alikuwa anamnenepesha kondoo kwa ajili ya Idd, amemfunga nyuma ya nyumba yake pale Lindi, na alikuwa ameupenda sana ule unga wa kahawia. Bila kuniambia, alimwomba Mama kidogo, akaufunga kwenye karatasi, akaja nao nyumbani. Nilimkuta asubuhi moja akiukoroga kwenye beseni la pumba.

"Kondoo naye apate risasi," akaniambia, anajisikia vizuri kabisa.

Nilicheka nikaingia ndani kuchochea jiko. Daktari alipopiga simu baadaye kuuliza hali ya kiwele, nikamweleza kama kichekesho. Hakucheka. Alipaza sauti mpaka wateja wakageuka.

"Mwondolee hiyo beseni sasa hivi! Kondoo si ng'ombe! Shaba inamuua kondoo, inajikusanya kwa ini mpaka siku moja inamwangusha. Kimbia!"

Nikakimbia na aproni yangu. Kondoo alikuwa ameshaanza kula. Nilipovuta beseni alinipiga kichwa cha goti, nikaanguka kwenye pumba, beseni juu ya kifua, na habuba akatoka mlangoni akiuliza kama nimepata wazimu. Nilipomweleza, aliketi kwenye kizingiti chake, akashika kichwa.

"Ya salaam," akasema. "Ningewalisha watu wangu nini siku ya Idd?"

Daktari alisema kwa kiasi kile kidogo hana hofu, bora asipewe tena. Kondoo hakudhurika. Siku ya Idd habuba aliniletea pilau kwenye sufuria iliyofunikwa, na juu ya nyama ameweka mnofu mkubwa. "Huu ni wa goti lako," akasema.

Kwa ng'ombe hakukuwa na muujiza. Kiwele kilivimba tena mara moja, kikatibiwa, na safari hii kikapona. Ile chuchu ya nyuma iliyoanza ugonjwa ilikuwa imeshakufa. Haikutoa maziwa tena hadi leo. Kidonda cha mguuni kilikauka, kikafunga, ngozi ikaota juu yake. Mama aliacha nyasi za mtoni, na kwa kuwa nepia ilikuwa shida, waimbaji wa kwaya yake wakawa wanamletea majani kutoka walikokwenda, kila mmoja na fungu lake kichwani, hadi wafugaji wengine wa mtaa wakauliza kama kanisa limefungua ranchi. Habuba naye akatafuta watu wake wa zamani wenye shamba upande wa nje ya mji, akaleta nyasi kavu kwa pikapu. Alikaa mbele na dereva, dirisha limefunguliwa, akiwasalimia watu Kawangware nzima.

Manyoya yalianza kubadilika shingoni. Mama aliona kwanza, akanipigia simu asubuhi nikiwa na foleni ya wateja. "Kuna weusi," akasema, na hakuongeza kitu. Nilipofika Jumamosi niliona mwenyewe: manyoya mapya, mafupi, meusi yenye mng'ao, yakisukuma yale makuukuu ya kahawia. Kwa muda alikuwa wa rangi mbili, na watu wapya walifikiri ndivyo alivyozaliwa. Akapandishwa, akashika mimba kwa mara ya kwanza aliyopandishwa.

Alizaa wakati wa mvua, saa nne asubuhi. Mama alipiga simu, nikazima jiko, nikawaambia wateja wamalize kunywa na waache vikombe chini ya benchi, tukaondoka na habuba tukiwa tumejifunika mfuko mmoja wa plastiki. Tulipofika ndama alikuwa ameshatoka, jike, amelowa, Mama anampangusa kwa gunia. Hakuna aliyefurahi bado. Tulikuwa tunaangalia nyuma ya ng'ombe. Daktari alikuwa amekuja pia, ameegemea nguzo, mikono mifukoni, akijifanya amepita tu.

Ndama akajaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena. Alipoipata chuchu, Mama akamsukuma taratibu kutoka ile iliyokufa hadi nyingine nzima. Daktari akasema aachwe anywe mpaka ashibe, kwa sababu kinga ya siku zake za mwanzo yote iko mle kwenye maziwa ya kwanza, yeye mwenyewe hakuzaliwa nayo. Mama alikuwa anaomba kwa Kijaluo, midomo tu ikicheza. Habuba alikuwa anahesabu tasbihi chini ya ushungi. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa kelele kiasi kwamba hatukusikia kondo lilipoanguka. Daktari ndiye aliyeliona.

"Shosho," akasema. "Angalia chini."

Mama akapiga vigelegele. Majirani wote wakatoka vyumbani, wakiwa na mifuko na mabeseni vichwani, kuuliza nani ameolewa.

Yule ndama alikohoa kidogo katika wiki zake za mwanzo, na Mama akahamia karibu kabisa na kibanda kwa wasiwasi. Kikohozi kikaisha chenyewe. Akakua, mkorofi, mla kamba za nguo. Alipoachishwa maziwa, Mama alingoja Jumamosi, akangoja habuba akae na apewe chai, kisha akasema kama mtu anayesema habari za hali ya hewa, "Huyu ni wako."

"Nani?"

"Huyu mtoto. Atakaa hapa kwangu kwa sababu Lindi hakuna mahali pa kumweka. Lakini ni wako."

Habuba aliweka kikombe chini. Akavuta ushungi ukamfunika uso, na mabega yake yakatikisika. Mama akasogea kwenye benchi hadi wakagusana, naye akatazama mbele, akampa nafasi. Nilichukua ndoo nikaenda kuteka maji, ingawa pipa lilikuwa limejaa.

Ndama huyo sasa ni mtamba mkubwa, na wiki iliyopita daktari alisema yuko tayari kupandishwa. Hapo ndipo tulipo. Habuba anataka mbegu ya ng'ombe mdogo wa mwili, mwenye maziwa mazito yenye siagi. Mama anataka wale wakubwa wenye madoa, wa maziwa mengi. Daktari amekuja mara mbili na chombo chake cha baridi na mara mbili amerudi bila kufanya kazi, kwa sababu hawajakubaliana.

"Ni ng'ombe wangu," habuba husema.

"Na kibanda ni changu," Mama hujibu, "na ndama atapita mlango gani akiwa mkubwa hivyo?"

"Wewe ndiye unataka wakubwa!"

Jana waliniomba mimi niamue. Nikawaambia nina chai jikoni inafurika, nikachukua mtungi wangu wa maziwa, nikaondoka haraka kabla hawajagundua kwamba Lindi iko mbali mno kwa mtu kusikia chai yake ikifurika.